Mashine ya kutafuta bomba imegundua nondo, laki na nusu imeenda na uwanja umekuwa mahandaki

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu mnisamehe, nina hasira tangu Jumamosi na mama watoto kashasema nikitaja tena habari za maji taka mezani anahamia na sahani yake chumbani.

Iko hivi. Nyumba nilinunua Kinyerezi, huu mwaka wa pili, uwanja wote pevingi mpaka getini nikajiona nimeukata. Masika hii choo cha masta kikaanza vituko, ukiflashi maji yanapanda mpaka karibu na mdomo afu yanashuka taratiiibu, na kule kwenye shawa tundu la sakafu linakoroma kama mtu kalala. Nikaita gari la kunyonya. Limenyonya, nimelipa, jioni choo kiko vilevile. Dereva alishaniambia kabisa, bosi shimo lako hata halijajaa, hapo bomba ndo limeziba kabla ya kufika shimoni, we fungua chemba uangalie.

Chemba ipi sasa, hicho kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba? Nimezunguka nyumba mara tatu na tochi, hamna mfuniko hata mmoja ukiacha ule wa shimo. Nampigia aliyeniuzia ananiambia muulize fundi, fundi mwenyewe alishafariki. Ramani ninayo, ina vyumba, ina milango inavyofunguka, sebuleni wamechora mpaka makochi, ila njia ya maji taka hata mstari mmoja hamna!!

Hapo ndo nikampata jamaa mtandaoni, "mtaalam wa kugundua mabomba ya chini ya ardhi kwa mashine ya kisasa, bila kubomoa". Bila kubomoa wakuu, lishikeni hilo neno. Laki na nusu, hela mkononi kwanza. Kaja na likifaa lina mkono mrefu na sahani chini, hedifoni masikioni, anatembea kwenye pevingi kama anatega mabomu, likilia piii anaweka alama ya chaki. Alama tatu, vijana wakaanza kung'oa.

Shimo la kwanza nondo. La pili kipande cha bati na waya wa kufungia nondo. La tatu wamekata bomba la maji safi, ile poli nyeusi, maji yakaruka mpaka dirishani na hiyo siku ndo tenki lilikuwa limejaa. Namuuliza bomba la choo liko wapi ananijibu, nanukuu, "bosi litakuwa limehama." Bomba! Limehama! Sijui limeenda kusalimia wakwe.

Afu usiku nimekaa ndo akili inanijia. Ile ni mashine ya kutafutia chuma. Bomba langu ni plastiki ya inchi 4. Italilia vipi plastiki? Mashine za kweli zipo, unapitisha kamera ndani ya bomba ina kichwa kinachotoa mawimbi, juu unatembea na kipokeo kinakuonyesha kichwa kiko wapi na kina chake. Au unapitisha waya wa chuma ndani ya bomba, waya unatiwa mawimbi, unaufuata juu. Lakini kuzunguka na kigundua chuma juu ya udongo umejaa mabaki ya nondo za ujenzi, huo ni wizi. Nimempigia kaniblok.

Jumatatu jirani kaniletea mzee mmoja fundi bomba wa zamani, kaja na ndoo, kamba ya katani na waya mrefu mgumu. Hajashika sururu. Kafungua mfuniko wa shimo akatuambia tukae mbali kwanza hewa itoke, wa sigara azime. Akamtuma kijana amwage jikoni maji yenye bluu ya kufulia, tukaona bluu inaingia shimoni, basi laini ya jikoni nzima. Akamwaga chooni, hamna kitu. Afu akachungulia bomba linaingia shimoni likielekea upande gani, akavuta kamba juu kufuata uelekeo ule. Akaenda nyuma ya ukuta wa choo bomba linapotokea, akavuta kamba ya pili. Kamba zikakutana pembeni ya mti wa fikasi. Akasukuma waya toka shimoni mpaka ukagoma, akaufunga alama, akauchomoa tukapima, mita 6 na sentimita 40. Tukapima juu, ni palepale kamba zilipokutana. Pevingi nane tu zikang'olewa.

Sasa hapo chini nilitegemea chemba imefukiwa. Hamna cha chemba! Kona ya nyuzi 90 imezikwa mchangani, kiungo hakina gundi, wamepasha bomba moto wakatanua mdomo wakachomeka, tena wamechomeka kinyume, mdomo unaangalia maji yanakoelekea kwa hiyo kila karatasi inakwama pale. Mizizi ya fikasi imeingia imejaa kama nywele za kusuka. Mzee akaweka pima maji juu ya bomba, kipovu katikati kabisa. Yani bomba limelala! La inchi 4 linatakiwa lishuke kama sentimita 2 na nusu kila mita, toka choo changu mpaka shimoni ni mita 12, hesabu mwenyewe, sentimita 30 zimeliwa na mtu aliyekuwa mvivu kuchimba.

Mzee kanidai elfu 60 na soda. Pale kwenye kona tumejenga chemba, mfuniko uko wazi juu ya pevingi, mbaya kweli kwa macho na sitaki mtu aniambie niufunike. Vipimo vya mita toka ukutani nimeviandika kwa rangi ndani ya mlango wa stoo.

Aliyeniuzia hapokei simu tena. Mahandaki matatu ya yule wa mashine bado yako wazi na mvua imeyajaza, mtoto wa jirani jana kapotezea humo ndala. Mwenye fundi wa kurudishia pevingi maeneo ya huku, asiyekuja na mashine yoyote, anishtue PM.