Ekari 18 Kisarawe: nichome nyasi mapema au nizuie moto kabisa?

Kijana_wa_Chanika
Wakuu, habari za jioni. Nauza vipuri vya bodaboda hapa Chanika, misitu sijaisomea. Marehemu baba alituachia ekari 18 upande wa Kisarawe. Juu ni mitondoro na mininga michache, chini kwenye korongo kuna kimsitu kizito, hata saa sita mchana ndani ni giza. Pembeni mikorosho.

Oktoba iliyopita moto ulitokea kwenye tanuri la mkaa la jirani. Nilipigiwa simu saa nane, nafika saa kumi nakuta watu wanaupiga kwa matawi mabichi. Mikorosho 11 kwaheri. Kilichoniuma zaidi ni ile miti mikubwa ya ukingo wa korongo: imesimama, lakini ukigusa gome linabanduka kama ganda la muhogo uliochemka.

Sasa wazee wa kitongoji wanasema nichome mwenyewe mwezi wa 6. Mimi naona ni kumkaribisha mwizi chakula ili asiibe. Nimepanga kufyeka mkuza, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto, kuzunguka shamba lote na kuweka mlinzi, usiingie hata moto wa sigara. Nakosea?

Mzee wa Mkuza
Pole, mwanangu. Nimestaafu kazi ya misitu, niko Ukonga. Wazee wako sahihi kwa shamba la juu, kwa korongo hapana.

Ndola, Zambia, walianza majaribio ya moto kwenye miombo, yaani misitu ya mitondoro na mininga kama ya kwako juu, mwaka 1933. Kiwanja kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kiligeuka nyasi, miti ikaisha. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti. Kilichozuiwa kabisa kilisongamana kikawa kichaka kizito. Utasema basi nizuie. Utaweza? Ukilinda miaka mitatu, nyasi na majani makavu yanalundikana, halafu siku moja ya Oktoba mlinzi ameenda msibani. Marekani mwaka 1935 waliagiza kila moto wa msituni uwe umezimwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake. Misitu yao mikavu ya misonobari, iliyozoea moto mdogo mdogo, ikajaa kuni, na sasa ikishika inaungua hadi vileleni.

Mninga umezoea. Mche wake hukauka juu mwaka hadi mwaka huku mzizi ukijijenga chini, ndipo siku moja unachomoka. Miti ya korongoni ina gome jembamba, haina ujanja huo. Mkuza wako ufyeke kuzunguka korongo kwanza. Na usiwashe kiberiti bila kibali, Sheria ya Misitu ya 2002 haitanii. Anzia serikali ya kijiji.

Mama Mizinga
Naongeza moja: achana na kalenda. Mwaka 2024 mvua zilichelewa kukatika, na kimbunga Hidaya kikaja Mei. Mimi nikaenda Juni mosi na vijana wanne, posho nimeshalipa. Nyasi zikatoa moshi tu, nyuki wakatufukuza. Nilirudi Julai. Miaka mingine Juni umeshachelewa. Chukua unyasi, ukunje: ukijikunja bado, ukikatika wote umechelewa. Unataka ule unaolia kidogo ndipo ukatike.

Washa jioni, kusi ikishatulia, uanzie upande upepo unakoelekea ili moto urudi nyuma polepole. Ukipita goti, umekosea. Umande utamalizia. Na usichome zote, acha mabaka mabaka.

Dogo_Mbagala
Samahani, kwa hiyo mwenye tanuri halipi?? Mikorosho 11!

Kijana_wa_Chanika
@Dogo_Mbagala ni shemeji yangu. Tuliache hilo.

Shikamoo mzee, asante dada. Jumamosi nilikwenda. Juu ya kilima unyasi umelia ukakatika, karibu na korongo umejikunja tu kama ukindu. Kwa hiyo nichome juu wiki hii na huku chini nisubiri, au vyote siku moja?

Mama Mizinga
Juu sasa, kama kibali unacho. Huo wa chini ukiwa mbichi ndio mkuza wako wa bure, moto ukifika hapo unakufa wenyewe. Usiusubiri ukauke ndipo uuchome.

Mzee wa Mkuza
Marahaba. Na huyo shemeji mpe fito, aje kushika zamu.