Mtoto wa kaka yangu, na hii habari ya "damu"

Shangazi Mlezi:
Wapendwa, nisaidieni. Kaka yangu yuko gerezani kwa kujeruhi watu. Mwanawe nimemlea tangu ana miaka 4, sasa ana 9. Juzi kampiga mwenzake na rula mpaka kamchana juu ya jicho. Nilimkuta amesimama kimya, kaikaza taya vilevile anavyoikaza baba yake. Ndugu wameshatoa hukumu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Jamani, kuna jeni ya ukatili? Usiku silali.

Mwalimu wa Baiolojia:
Pole dada. Jeni moja ya ukatili haipo. Inayotajwa sana ni MAOA, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja serotonini na dopamini, kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza ukoo mmoja wa Uholanzi ambao baadhi ya wanaume wake jeni hiyo ilikuwa imeharibika kabisa, na walikuwa wakilipuka kwa hasira. Kasoro hiyo ni adimu mno. Tena iko kwenye kromosomu ya X, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama. Baba humpa Y. Hao wanaosema "damu ya baba", kwa jeni hii wamekosea hata njia.

Nimelea Wanne:
Mwalimu kasema vema, ila tusimfiche dada: urithi upo. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya tofauti za tabia baina ya watu inahusiana na jeni, nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Hiyo haina maana kwamba nusu ya mwanao ni baba yake. Na kuna utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliotolewa 2002: wavulana wenye MAOA dhaifu (inayofanya kazi kidogo, si ile iliyoharibika kabisa) walioteswa utotoni ndio walioelekea zaidi kwenye fujo; wenye MAOA hiyohiyo ambao hawakuteswa, hapana. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, lakini mimi utafiti huo umenifundisha kuuliza. Ile miaka 4 ya kwanza aliishi vipi?

Shangazi Mlezi:
Umenigusa. Alikuwa akijificha nyuma ya kabati mama yake akipigwa. Mpaka leo analala na viatu miguuni. Nikimvua, asubuhi namkuta kavivaa tena. Jana ndiyo nimemuuliza habari ya rula. Kasema mwenzake alinyanyua mkono ghafla, akadhani anapigwa. Kumbe anataka kifutio. Miaka mitano namtazama usoni namtafuta kaka yangu, sijawahi kumuuliza anaogopa nini. Wiki hii nampeleka kwa mshauri wa watoto. Na viatu simvui tena, mpaka avivue mwenyewe.