Mjadala: mabinti na uzazi wa mpango, shida ni kurukaruka vidonge

Wakuu salama. Kuna mdau kasema mabinti wa sekondari wakipewa uzazi wa mpango ndo tunawafungulia mlango wa uasherati. Mimi nauza duka la dawa, wikiendi yangu ni P2 tu, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Anakuja dogo kavaa kofia, anajifanya anakagua miswaki mpaka wateja waishe, ndo ananong'ona "bro nipe ile ya masaa 72". Wiki mbili mbele yule yule karudi. Hao nani kawafungulia? Utafiti wa afya wa 2022 hapa Tanzania ulikuta wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 mpaka 19 washawahi kushika mimba.

Na P2 ni ya dharura, inachelewesha yai kutoka, kama lishatoka imekula kwako. Wao wameifanya ratiba.

Mtasema wameze vya kila siku. Haya, binti wa fomu three analala chumba kimoja na dada yake na bibi, pakti anaificha wapi? Bweni ndo kabisa, matroni akipiga msako wa matranka mzazi anaitwa, kwa hiyo anameza leo, kesho anaruka, keshokutwa anafidia viwili. Kwa watu wanavyomeza kihalisia, vidonge vinafeli kwa wanawake kama 7 kati ya 100 kwa mwaka, kijiti kile cha chini ya ngozi ya mkono hakifiki hata mmoja. Kikishawekwa imetoka hiyo, miaka 3 au 5. Aliyeshaanza mapenzi apewe kijiti, na kondomu juu yake maana kijiti hakizuii ukimwi.

Jibu: Napinga mkuu. Mdogo wangu aliwekewa, akatoka matone ya damu mwezi mzima, hakuna aliyemwambia kabla, akaenda kukitoa. Halafu nyie wauza dawa hamuulizi binti ana miaka mingapi, unaweza ukawa unamfichia siri jibaba la miaka 35.

Mleta mada: Hilo la jibaba ni zito, maana anayekuja kununua karibu siku zote ni mwanaume, binti simuoni kabisa. Ndo maana nataka aende kliniki mwenyewe, huko nesi anaweza kumuuliza yuko na nani, na hayo matone yanawapata wengi so aambiwe mapema. Ila nesi akiropoka "una mume wewe?" mbele ya foleni nzima, binti anageuza, Jumatatu kofia iko dirishani kwangu. Kuna anayejua kliniki inayopokea mabinti jioni, baada ya shule?