Naomba ushauri: mbwa wangu na vitu vitamu

Ndugu zangu, nina mbwa jike wa miaka 6, mwenye uzito wa kilo 9, ambaye watoto wamemzoesha biskuti na keki kiasi kwamba akisikia tu mchakacho wa karatasi huacha usingizi na kuja kuketi mbele yetu, udenda ukimdondoka. Ninajua kwamba chokoleti ni sumu kwake kwa sababu ya theobromini, kemikali iliyomo ndani yake ambayo mwili wa mbwa huchelewa kuiondoa, na kwamba zabibu kavu zinaweza kuharibu figo. Hivyo nimevipiga marufuku kabisa. Kinachonitia hofu zaidi ni zailitoli (xylitol), kiongeza utamu kinachotiwa badala ya sukari katika baadhi ya chingamu na peremende zisizo na sukari, kwani humfanya mbwa atoe insulini nyingi ghafla, sukari ya damu ikashuka, pengine ndani ya nusu saa, na hata ini likadhurika. Juzi nilimkuta na ganda la peremende mdomoni, nikalisoma neno kwa neno huku mikono ikitetemeka. Nashukuru jina hilo halikuwamo.

Swali langu sasa ni kuhusu sukari ya kawaida. Najua inamnenepesha na kumharibu meno, lakini je, kipande kidogo cha biskuti isiyo na viungo hivyo, mara moja kwa wiki, kinakubalika, au nimkatishe kabisa? Na waliofanikiwa kumwachisha mbwa mazoea haya walimpa nini badala yake? Nimejaribu vipande vya karoti, ila anavinusa tu na kuviacha sakafuni.