Ushauri wakuu: i5-2500K ya studio, niiongeze kasi au niiache kama ilivyo?

Kinanda_Moro

Wakuu, habari za majukumu. Nina kompyuta ya mezani hapa Morogoro, kazi yake ni moja tu, kurekodi kwaya. Ndani kuna prosesa ya Intel Core i5-2500K, ile ya kizazi cha Sandy Bridge iliyotoka Januari 2011. Mazabodi ni ASUS yenye chipseti ya Z68, RAM ni GB 16 za DDR3, ina SSD, na kadi ya sauti ni M-Audio Delta 1010LT.

Hiyo kadi ndiyo inayonifunga. Inaingia kwenye soketi ya PCI ya zamani na ina njia 8 za kuingiza sauti. Mazabodi mpya ninazoziona madukani soketi hiyo hazina tena, kwa hiyo nikibadilisha kompyuta nabadilisha na kadi, na hapo bajeti inakuwa nyingine kabisa. Mashine inatumia Windows 7 na haiunganishwi intaneti.

Shida yangu iko hivi. Siku hizi mpiga kinanda anapiga huku sauti ya piano na vyombo vya nyuzi ikitoka kwenye plugini (programu ndogo za sauti) ndani ya REAPER, programu ninayorekodia. Nikiweka bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta inaliandaa kabla ya kulitoa) ya sampuli 128, hedifoni zinaanza kukwaruza, tik-tik-tik, hasa kwaya ikifika kwenye kiitikio na plugini zote zinafanya kazi kwa pamoja. Nikipandisha hadi 512 mikwaruzo inaisha, lakini mpiga kinanda analalamika kwamba anabonyeza na sauti inafika baadaye. Na ana haki, haimbiki wala haipigiki namna hiyo.

Nimeambiwa herufi K mwishoni mwa jina inamaanisha prosesa inaruhusu kuovakloki, yaani kuiongezea kasi kupita ya kiwandani. Naombeni ushauri wa watu waliowahi kuifanya kwenye mashine ya kazi, siyo ya majaribio. Itanisaidia? Prosesa haitaungua? Hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) na feni bado ni ile ndogo ya Intel iliyokuja kwenye boksi.

Dada_Waya

Kaka, kabla ya yote, waimbaji wanajisikia kupitia wapi? Delta 1010LT ina mikisa yake ndani ya kadi, unaiona kwenye paneli ya draiva yake. Ukiwapitishia waimbaji sauti zao huko, haziendi kwenye prosesa kabisa, hakuna kuchelewa hata ukiweka bafa kubwa.

Kinanda_Moro

Waimbaji wanapitia huko dada, na wako sawa. Mwenye shida ni mpiga kinanda peke yake, maana sauti yake inatengenezwa na kompyuta yenyewe.

Dada_Waya

Basi hoja yako ina msingi. Sampuli 128 kwa 44.1 kHz ni milisekunde 2.9, na 512 ni milisekunde 11.6, bado hujaongeza muda wa kinanda chenyewe na wa kutoka kwenye kadi. Mtu anayepiga kwa kasi anaisikia tofauti hiyo vizuri sana. Nawaachia mafundi wa prosesa.

tingatinga_87

Mkuu uza hiyo, chukua mashine mpya. Prosesa ya 2011 unaing'ang'ania ya nini?

FundiSoketi

Tingatinga, ameshaeleza, kadi yake ni ya PCI. Mashine mpya kwake maana yake ni kompyuta pamoja na kadi ya sauti ya njia 8. Na hii anayo tayari, nzima, inafanya kazi. Tumsaidie hapo alipo.

Kinanda_Moro, jibu fupi ni ndiyo, itakusaidia. Kwenye kazi ya sauti ya papo kwa papo, plugini zilizopangwa kwenye traki moja zinachakatwa moja baada ya nyingine, kwa hiyo kasi ya kiini (core) kimoja ndiyo inayoamua kama bafa itajaa kwa wakati au utasikia mkwaruzo. Viini vingi zaidi havikuokoi kwenye traki ya kinanda. GHz ndizo zinakuokoa.

Una bahati pia kwenye mazabodi. Ingekuwa H61 au H67, K yako isingekuwa na faida, maana chipseti hizo hazifungui kizidishi cha prosesa, ile namba inayozidishwa na kloki ya msingi kupata kasi. Z68 na P67 zinafungua. Na 2500K ni katika prosesa zilizotengenezwa vizuri, kifuniko chake cha chuma kimelehemiwa moja kwa moja kwenye silikoni. Ndugu yake aliyemfuata mwaka 2012, 3570K, aliwekewa pesti (dawa ya kupitisha joto) tu chini ya kifuniko, ndiyo maana yule anapata joto haraka. Ukikuta mtandaoni watu wanafundisha kung'oa kifuniko ili kubadilisha pesti ya ndani, wanaongelea kizazi hicho cha baadaye. Ya kwako usiiguse, utavunja silikoni.

Sasa kabla hujaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe, kuna kazi ya mikono. Toa vumbi lote kwenye hitisinki, siyo kwenye feni tu, ingia katikati ya mapezi. Pangusa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya, tone dogo tu katikati. Halafu angalia kapasita za mazabodi na za pawasaplai kwa tochi. Kama kuna iliyovimba juu au inayovuja, simama hapohapo, hakuna kuovakloki mpaka itengenezwe.

Pawasaplai yako ni ya aina gani na ina umri gani? Kama una multimita, pima waya wa njano wakati mashine inafanya kazi nzito. Inatakiwa isomeke kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikiwa inashuka karibu na 11.4, hiyo ndiyo itakayokuangusha kabla ya prosesa.

Mvita_Elektroniki

Naungana na fundi hapo juu. Mimi niko Mombasa, huku joto la chumba linafika 32 bila shida. Yale majaribio ya watu wa Ulaya yanafanywa kwenye chumba cha nyuzi 20 au 22. Chumba chako kikiwa na nyuzi 10 zaidi, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi 10 juu ya namba zao. Usinakili mipangilio ya mtu bila kuuliza anaishi wapi.

Hiyo feni ya boksi usiitegemee. Tafuta hitisinki ya mnara, zile ndefu zenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120. Usisumbuke kutafuta iliyoandikwa 1155, soketi ya prosesa yako, peke yake. Matundu ya LGA 1155, 1156, 1150, 1151 na 1200 yana nafasi sawa, kwa hiyo inayokaa kwenye mojawapo itakaa kwako. Ila ikiwa na vishikizo vya LGA 1700 pekee usiichukue, matundu yake ni mapana zaidi. Na pima kimo cha kasha lako kwanza, minara mingine inazuia mlango wa pembeni kufunga.

Kinanda_Moro

Nashukuru sana wakuu. Nimefungua na kusafisha. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye mapezi kama blanketi, upepo ulikuwa haupiti kabisa. Nilipojaribu kwa Prime95, programu ya kuibana prosesa, kabla ya kusafisha, HWiNFO inayosoma joto ilionyesha nyuzi 89. Baada ya kusafisha na pesti mpya, 75, chumba kikiwa 29. Waya wa njano unasoma 12.05 mzigo ukiwa mzito. Kapasita zote ziko bapa.

Nimepata na hitisinki ya mnara iliyotumika, inakaa vizuri. Swali moja linanisumbua: kuna mtu kaniambia Intel wenyewe wameandika volti hadi 1.52, kwa hiyo nisiogope kuweka 1.45. Ni kweli?

FundiSoketi

Hapana mkuu, tafadhali usifanye hivyo. Namba ya 1.52 ipo kwenye jedwali la Intel, lakini ni mwisho wa ngazi ambazo prosesa inaweza kuomba kutoka kwenye mazabodi. Siyo ruhusa ya kuishi hapo miaka. Volti kubwa pamoja na joto vinaila silikoni taratibu, na dalili yake ni kwamba kasi iliyokuwa imetulia mwaka jana, mwaka huu inaanza kuzima mashine. Kwa hewa ya kawaida na mashine ya kumpatia mtu riziki, mimi sivuki 1.35, na kwako wewe napenda ubaki chini ya 1.30.

Sababu ni hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na kasi, lakini kwa volti unapanda kwa mraba wake. Viini vyote 4 vikifanya kazi, 2500K ya kiwandani inakwenda 3.4 GHz. Tuseme inatumia volti 1.20. Ukienda 4.2 kwa volti 1.26, kasi imeongezeka asilimia 24 hivi na umeme asilimia 36. Ukilazimisha 4.5 kwa volti 1.36, umeme umeongezeka asilimia 70. Yaani kutoka 4.2 kwenda 4.5 unapata asilimia 7 ya kasi, unalipa robo nzima ya joto juu yake. Na joto ni feni, na feni ni kelele ndani ya chumba chenye maikrofoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Pandisha kizidishi tu, 40 kwanza, kisha 41, kisha 42. Kloki ya msingi iache 100 kamili. Kwenye Sandy Bridge hiyo kloki inaendesha pia PCI Express na SATA, hivyo ukiisogeza unatikisa SSD na hiyo kadi yako ya sauti unayoilinda. Volti usiifunge kwenye namba moja, tumia ile njia ya kuongeza kidogo juu ya volti ya prosesa yenyewe, anza na sifuri. Hivyo mashine ikiwa imetulia volti inashuka yenyewe. RAM iache kwenye volti 1.5.

Kila hatua, Prime95 nusu saa huku unaangalia joto. Ikipita nyuzi 80 simamisha. Prosesa hii inaanza kujipunguza kasi yenyewe kwenye 98, lakini hatutaki kufika huko. Skrini ya bluu yenye 0x124 au 0x101 kwa kawaida inakuambia volti haitoshi, ongeza hatua moja ndogo. Ikigoma kuwaka kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe. Mipangilio inarudi ya kiwandani.

Dada_Waya

Naongezea la studio. Prime95 kupita haimaanishi sauti itapita. Fungua mradi wako mzito kuliko yote, weka bafa 128, cheza saa nzima, na uangalie kipimo cha utendaji cha REAPER, ile namba ya RT CPU, mzigo wa sauti ya papo kwa papo. Hiyo ndiyo inayosema ukweli kuhusu mikwaruzo. Na kwenye mpangilio wa umeme wa Windows weka utendaji wa juu, maana prosesa inayopanda na kushuka kasi kila sekunde inaweza kukwaruza hata ikiwa haijachoka.

Umeme wa kwenu ukikatika ovyo, UPS ni lazima. Kurekodi ukiwa umeovakloki bila UPS ni kuchezea kazi ya watu.

tingatinga_87

Nimeelewa sasa suala la kadi. Samahani kwa kukurupuka. Je, kuweka i7 kwenye soketi hiyohiyo haiwezekani?

Mvita_Elektroniki

Inawezekana. i7-2600K inaingia moja kwa moja, ina viini 4 na nyuzi za kazi (threads) 8. Hata i7-3770 ya 2012 inaingia kwenye Z68 nyingi ukisasisha BIOS kwanza. Inasaidia mradi wenye traki nyingi wakati wa kumiksi. Ila kwa kinanda kimoja kinachopigwa papo kwa papo haitampa zaidi ya anachopata bure kwenye K aliyonayo. Na hiyo 3770 bila K haifunguki kama yake.

Jambo moja ajue mapema: plugini nyingine mpya zinadai AVX2, seti ya amri za prosesa, na hiyo kwa Intel ilianza na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Sandy Bridge haina, na huwezi kuiongeza kwa kuovakloki. Abaki na matoleo ya plugini anayoyatumia sasa, ahifadhi na faili za usakinishaji mahali salama.

Kinanda_Moro

Mrejesho wakuu. Iko 4.2 GHz, kizidishi 42, nyongeza ya volti ni ndogo sana, chini ya mzigo inasoma 1.264. Prime95 joto la juu ni nyuzi 69, chumba 30. Ule mradi wa kwaya ya kina mama, ambao ndio ulikuwa unanitesa, umecheza jioni nzima kwa bafa 128 bila mkwaruzo hata mmoja. Kabla ya hapo RT CPU ilikuwa inagonga karibu na mwisho kwenye kiitikio, sasa inabaki na nafasi. Mpiga kinanda kapiga tumbuizo zima na hajalalamika.

Kilichobaki ni kelele. Feni mpya ni tulivu, lakini chumba kimefunikwa sponji pande zote, na maikrofoni za kondensa zinaisikia. Nikiipunguza mzunguko joto linafika 76.

Dada_Waya

76 ya Prime95 siyo 76 ya kurekodi, kaka. REAPER haiwezi kuibana prosesa kiasi hicho. Punguza feni, rekodi wimbo mmoja mzima, kisha usome joto la juu kwenye HWiNFO. Nadhani utakuta chini ya 65.

Na kama una ukuta unaotenganisha studio na chumba kingine, toboa tundu, kompyuta ikae upande wa pili. Waya za Delta ni fupi, kwa hiyo usirefushe hizo, refusha za kutoka kwenye mikisa ya nje kuja kwenye kadi, ziwe za balansi kama mikisa yako inaruhusu.

Kinanda_Moro

Ukuta upo, upande wa pili ni stoo. Stoo haina dirisha ila, vipi joto?

FundiSoketi

Usiifungie kwenye stoo isiyopitisha hewa, utarudi kwenye 89. Toboa matundu mawili, moja chini na jingine juu karibu na dari, uweke wavu wa mbu kuzuia vumbi na wadudu. Hewa ya moto itatoka juu yenyewe. Kisha rudia Prime95 ukiwa umefunga mlango wa stoo, saa za mchana, siyo usiku. Ikizidi 80 rudisha kizidishi 41 na utupe namba hapa. Na kabla hujaihamisha, piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu. Betri ya hiyo mazabodi nayo ni ya zamani, siku ikiisha utaihitaji hiyo picha.