Mama akijisikia vizuri tu anaacha dawa za presha, nifanyeje?

Binti wa Mwisho

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri hasa kama kuna nesi au daktari humu. Mama yangu ana miaka 61, ana presha ya muda mrefu, anatumia amlodipine na enalapril. Sasa akishajisikia vizuri tu anaacha, anasema ameshapona na akiendelea zitamuharibu figo. Kichwa kikimgonga ndo anakumbuka, na siku hiyo anameza viwili viwili eti kufidia. Juzi natandika kitanda chake nikakuta vidonge kibao chini ya godoro, tukagombana mpaka nikalia, na yeye kaninunia hadi leo. Halafu ana kikohozi kikavu hakiishi, usiku ndo balaa, dawa za kifua kanywa zote hazisaidii. Nimefikia hatua nawaza nimsagie kwenye chai bila yeye kujua. Nifanyeje jamani?

Kaka Mtulivu

Pole sana dada. Baba yetu alikuwa hivyo hivyo, anasubiri kichwa kiume ndo ameze, siku kiharusi kinampata asubuhi yake alikuwa mzima kabisa anacheka na sisi. Mpaka leo mkono wa kulia hauna nguvu na kuongea ni kwa shida. Usichoke kumfuatilia. Halafu mpe usiku, nasikia dawa ya presha ya usiku ndo inafanya kazi vizuri.

Nesi wa Zamu

Pole mdogo wangu, na Kaka Mtulivu pole na wewe kwa mzee.

Mi ni nesi, kliniki ya presha na sukari ndo kazi yangu ya kila siku. Nimesoma maelezo yako nikaishia kwenye kikohozi. Enalapril na ndugu zake captopril na lisinopril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kukereketa kooni, wanawake zaidi kuliko wanaume, na dawa za kifua hazikigusi kwa sababu kinatokana na hiyo dawa yenyewe. Mtu akiacha kinapungua taratibu, mara nyingi ndani ya wiki moja hadi nne. Sasa hebu kaa kwenye nafasi ya mama, akimeza anakohoa usiku kucha, akiacha baada ya muda analala, na presha yenyewe haimuumi popote. Wewe ungefanyaje? Kama daktari akiona ni hiyo kuna kundi lingine la kina losartan ambalo mara chache sana linaleta kikohozi, atabadilishiwa. Ila msiende na jibu langu kichwani, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili lazima kichunguzwe, TB ikiwemo.

Kinachoniuma kwenye hii kazi ni namna tunavyouliza. Mgonjwa anakaa, "mama dawa unameza?" "nameza", haya anayefuata. Foleni imejaa nyuma yake, atasema nini? Mi siku hizi nasema "watu wengi dozi zinawapita, wewe wiki hii zimekupita ngapi?" halafu nanyamaza namwangalia. Hapo ndo maneno yanatoka. Kuna mama mmoja alivua kiatu akanionyesha kifundo, soksi imechora mstari umeingia ndani, nikabonyeza kwa kidole kikabaki kishimo. Amlodipine hiyo, inajulikana kwa kuvimbisha miguu, ingawa moyo na figo navyo vinaweza kuvimbisha kwa hiyo lazima apimwe. Kumbe akiwa na safari anaacha dawa siku kadhaa ili viatu viingie, na kwenye faili lake watu wameandika "hafuati matibabu"! Hamna aliyemuuliza kwa nini. Yaani mpaka leo nikiona hayo maneno kwenye faili la mtu nayachukia.

Hofu yake ya figo usiicheke, wagonjwa wengi wanayo na wanaibeba kimya kimya. Mwambie kwa upole kwamba presha iliyoachwa juu ndiyo inayochosha figo, na enalapril mara nyingi hutumika kuzilinda hasa kwa wenye sukari. Ila ana haki ya kuomba apimwe damu, kreatinini (inaonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu, hicho ni kipimo cha kawaida kwa anayetumia hiyo dawa na aonyeshwe majibu yake mwenyewe.

Kufidia dozi hapana. Amlodipine inakaa mwilini muda mrefu, baada ya masaa 30 hadi 50 bado nusu yake ipo, kwa hiyo inahitaji kama wiki hivi ya kumeza kila siku ndo itulie vizuri, kuimeza kwa sababu kichwa kinauma leo hakuleti anachokitafuta. Na enalapril akizidisha presha inaweza kushuka ghafla akasimama akaanguka. Kwa presha isiyouma kusubiri dalili hakufai, mwaka 2021 WHO ilikadiria watu wazima bilioni 1.28 wenye miaka 30 hadi 79 wana presha na karibu nusu yao hawajui kama wanayo.

Asubuhi au usiku, Kaka Mtulivu: Uingereza walifuatilia watu zaidi ya 21,000 kwa miaka, majibu yakatoka 2022, mshtuko wa moyo na kiharusi havikutofautiana kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Ameze saa ambayo hataisahau. Za kukojoza tu ndo bora asubuhi, la sivyo usiku mzima ni chooni.

Kumsagia kwa siri naomba usifanye kabisa. Siku akiamua kumeza zake atakuwa kameza mara mbili, na siku akijua hatakuamini tena hata kwa maji ya kunywa. Kaa naye mkiwa mmetulia, muulize dawa zinamfanyaje mwilini, halafu msikilize mpaka amalize.

Binti wa Mwisho

Nesi Mungu akubariki. Jana nimekaa naye nikamuuliza kama ulivyosema, akanyamaza kwanza halafu akasema kikohozi kinamtia aibu, akienda kwenye watu anaona wanasogea mbali naye. Miezi yote hiyo sikujua! Halafu kanionyesha anameza diclofenac karibu kila siku kwa ajili ya magoti. Ina shida?

Nesi wa Zamu

Afadhali amesema. Diclofenac na ibuprofen zinapandisha presha, na zikikutana na enalapril figo ndo zinabebeshwa mzigo, akija kuongezewa na ya kukojoza hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo hofu yake ya figo ilikuwa na ukweli, ila dawa ya kuogopa ilikuwa hii ya magoti. Aisitishe, paracetamol ni salama zaidi akifuata kipimo cha kwenye pakiti, ya magoti yenyewe akaijadili na daktari.

Msisubiri tarehe ya kadi, nendeni wiki hii na mfuko wa dawa ZOTE mpaka za kununua mwenyewe. Kabla ya hapo arudi kwenye dozi iliyoandikwa, asifidie. Mkiwa na mashine pimeni asubuhi kabla ya dawa na jioni, akojoe kwanza, akae dakika 5 kaegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mpime mara mbili muandike zote. Ikifika 180/120 na ana maumivu ya kifua, haoni vizuri, mdomo umepinda au mkono umelegea, ni hospitali muda huo huo. Na midomo au ulimi ukivimba ghafla enalapril asiiguse tena, mkimbizeni.

Kaka Mtulivu

Nesi samahani, mzee naye ana magoti na anatumia hiyo hiyo diclofenac, na dawa yake ya presha ni atenolol. Naye aache zote mpaka amuone daktari?

Nesi wa Zamu

Hapana kaka, atenolol ASIIACHE ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na kifua kikabana. Asitishe ya magoti tu, na kwa mtu aliyekwishapata kiharusi muoneni daktari mapema, ikiwezekana kesho.