Diski kubwa kwenye NAS: kubadilisha moja moja au kuanza upya?

Kibuyu
Heshima kwenu wakuu. Nina NAS (kasha la diski la kuhifadhi data kupitia mtandao wa nyumbani) ya trei nne, ndani kuna diski nne za 4TB kwenye RAID 5, yaani moja ikifa data inabaki, kwa hiyo nafasi ni 12TB. Imebaki asilimia 6 na kila usiku inanitumia onyo. Njia ya kwanza: nitoe diski moja moja na kuweka za 8TB, nipate 24TB. Ya pili: nichukue mbili za 16TB, ziwe pacha kwa RAID 1 (data ileile kwenye zote mbili), nihamishie data huko, nipate 16TB. Mngekuwa nyie mngefanya ipi?

ChumaUlete
Ya kwanza, wala usiumize kichwa. Nimeifanya mara mbili na NAS haikuzimwa hata dakika moja. Unachomoa, unachomeka, unasubiri ijijenge upya, unaenda inayofuata. Ila nafasi haiongezeki mpaka ya nne iingie. Mimi nilipoweka ya tatu nikaona bado 12TB, nikadhani nimepigwa.

Mwanakombo
Inategemea na mfumo, mkuu. SHR, aina ya RAID ya NAS za Synology, huanza kukuongezea mara diski kubwa ya pili inapokamilika. Na ukiwa kwenye mfumo wa faili wa ZFS, hakikisha autoexpand (kujiongezea nafasi yenyewe) imewashwa, la sivyo hata zote nne zikiingia utabaki unakodoa macho.

mzee_wa_kebo
Kibuyu, usikimbilie kuchomoa. Ukitoa diski moja kwenye RAID 5, kinga imekwisha pale pale. Tatu zilizobaki zinasomwa zote mwanzo hadi mwisho. 4TB kwa kasi ya 150MB kwa sekunde ni zaidi ya saa saba, na hapo ni iwapo NAS haifanyi kazi nyingine. Kisha unarudia, mara nne. Yaani diski zilizochoka ndizo unazitwisha mzigo mzito kuliko wote tangu zizaliwe, halafu unaomba isife hata moja.

Diski nyingi za nyumbani zimeandikiwa kosa moja la kusoma kwa kila biti trilioni 100, ambazo ni kama 12.5TB. Wewe kila raundi unasoma 12TB. Hiyo namba si ratiba, diski nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo, lakini mimi imenikuta. Nilikuwa diski ya tatu, asilimia 71, moja ya za zamani ikaanza kugonga: tak, tak, tak. Nikasema basi, narudisha niliyoitoa. Ikakataliwa, maana usiku kucha NAS iliendelea kupokea picha za simu, ile diski ikawa imepitwa. Kilichoniokoa ni diski ya USB iliyokuwa kabatini.

Kwa njia ya pili unazisoma zile za zamani mara moja tu, na baada ya hapo zinakaa pembeni zikiwa nzima kama zilivyo.

ChumaUlete
Sawa mzee, lakini trei zake zimejaa. Hizo mbili anaziweka wapi? Na kutoka 12TB kwenda 16TB si kuongeza, ni kujikuna tu.

mzee_wa_kebo
Moja anaiweka kwenye kasha la USB na kunakili kila kitu. Anazima NAS, anatoa nne zote, anaweka ya pili mpya peke yake na kurudishia data kutoka USB. Akishafungua faili kadhaa na kuona ziko sawa, ile ya USB inaingia kama pacha. Kuhusu kujikuna: trei mbili zinabaki wazi. NAS nyingi zinazotumia mdadm (programu ya RAID ya Linux) zinakubali kugeuza RAID 1 kuwa RAID 5 ukiongeza diski ya tatu, unapata 32TB. Ukijaza nne za 8TB, huna tena pa kwenda.

Nuru_Taa
Naongeza moja ambayo watu hujifunza kwa machungu: soma kama diski ni CMR au SMR (SMR huandika njia za data zikipandiana, kwa hiyo huwa nzito kuandika upya; CMR hazipandiani). Mwaka 2020 ilibainika kuwa WD Red za 2TB hadi 6TB zilikuwa zinauzwa zikiwa SMR bila kusemwa wazi, na kujenga upya kwenye ZFS kulikuwa kunasuasua. Baadaye za CMR zikapewa jina la Red Plus. Nenda CMR.

Mwanakombo
Na 16TB nyingi ni za mizunguko 7200 kwa dakika. Zinakoroma. Kama NAS iko karibu na kitanda, tafuta mahali pengine mapema. Pia diski nyingi kubwa hazina tundu la skrubu la katikati, angalia trei yako.

Kibuyu
Ahsanteni wakuu, nimeenda na mbili za 16TB, CMR. Mfumo unaniandikia 14.55, nikashtuka kidogo kabla ya kukumbuka kuwa inahesabu kwa 1024. Kabla ya kunakili chochote naiandika na kuisoma ya kwanza nzima, tangu jana iko asilimia 38. Zile nne nimezibandikia karatasi, 1 hadi 4, kwa mpangilio wa trei. Mzee, ile ya kugonga, ni mlio gani hasa? Yangu namba 2 ina kitu kama hicho ikiwaka.

mzee_wa_kebo
Ikiwaka tu kisha inanyamaza, ni kawaida. Ikirudia rudia ikiwa kazini, anza kunakili leo, hiyo ya kupima itasubiri.